Sehemu ya 6: Tramu za Lisbon na mtoto aliyegoma kuongea nami



Baada ya sehemu ya 5, ile ya homa za watoto melini, inboksi yangu ilijaa swali moja. Wengine mmeuliza kwa upole, wengine kwa ukali: "Nesi, unatufundisha kulea, na mwanao wa miaka minne umemwacha Mombasa. Haikuumi?"

Inauma. Leo sitawapa somo la kitabuni. Nitawasimulia siku moja tu, siku meli yetu ilipofunga gati Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Mwisho nitawaachia mambo machache ya kufanyia kazi, hasa nyinyi mlio mbali na watoto.

Kwa walioingia leo: mimi ni muuguzi kwenye zahanati ya meli ya watalii. Tunahudumia abiria na wafanyakazi pia: kichefuchefu cha bahari, presha, vidonda, mzee aliyeteleza bafuni, mtoto aliyejitia shanga puani. Mkataba wangu ni wa miezi minne, kisha narudi nyumbani. Mwanangu, huyu ninayemwita hapa Bwana Mdogo, yuko na mamangu. Siku ile ya Lisbon nilikuwa nimetimiza miezi miwili baharini.

Wiki za kwanza alikuwa akija kwenye simu mbio. Anaonyesha viatu, anamwonyesha paka, anaonyesha jino ambalo wala halijalegea. Wiki ya sita akaacha. Nikipiga, anaingia chini ya meza. Mamangu anamvuta: "Njoo umwamkie mamako." Yeye: "Sitaki." Siku moja nikamsikia akisema kwa utulivu kabisa, kama mtu mzima anayemkwepa mdai wake: "Mwambie sipo."

Siku kumi na saba mfululizo. Nilizihesabu. Siku ya "mwambie sipo" niliingia stoo ya mashuka nikalia, nikanawa uso, nikarudi kumpima presha mzee wa watu, naye akaniuliza kama nina mafua.

Na cha kuchekesha ni kwamba haya mambo nayajua. Nimewaeleza kina mama wengi kliniki, hasa wanaokwenda kufanya kazi Saudia na Oman, kwamba mtoto wa miaka mitatu minne hajui miezi miwili ni kitu gani. Yeye anajua yupo au hayupo. Basi mtu asiyekuwepo anapojitokeza kwenye kioo dakika tano halafu akazimika, mtoto anaachwa upya kila jioni. Akikataa simu hajakuchukia, anajikinga asiumie tena. Nimeyasema hayo mara ngapi! Yalipofika kwangu hayakunisaidia hata punje.

Sasa twende Lisbon.

Meli inaingia mjini kwa kupandisha mto Tejo. Alfajiri nilipanda sitaha ya wafanyakazi na kikombe cha chai. Kushoto ukapita mnara wa Belém na lile jengo la mawe lenye sanamu za mabaharia. Kulia, juu ya kilima ng'ambo ya mto, imesimama sanamu ya Kristo iliyokunjua mikono, ya mwaka 1959. Mbele yetu daraja refu jekundu la chuma, lililofunguliwa mwaka 1966. Meli ikipita chini yake unajikuta umeinamisha kichwa, ingawa nafasi ipo tele.

Gati la meli za watalii liko mguuni mwa Alfama, mtaa mkongwe wa mji. Ukitoka getini unavuka barabara tu, uko ndani. Hilo ni jambo kubwa kwa familia. Kuna miji ambayo bandari iko mbali, unakula saa nzima ndani ya basi kabla hujaona chochote. Lisbon unashuka, unatembea.

Ruhusa yangu ilikuwa saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Saa kumi zahanati inafunguliwa na mimi ndiye wa zamu. Nikabeba chupa ya maji, machungwa mawili, kofia, leso begani na simu. Viatu vya raba, tafadhali. Njia za Lisbon zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vimepangwa kwa maua na mawimbi. Vinapendeza machoni, ila vimesuguliwa na nyayo za watu vikawa laini kama sahani. Vikiwa vimelowa, omba Mungu.

Alfama ungeiona ungesema uko Mji wa Kale. Vichochoro vyembamba ambavyo gari halipiti, ngazi zinazopanda halafu zinakata kona, watu wanaongea dirisha kwa dirisha. Lenyewe jina Alfama lina asili ya Kiarabu, maana Waislamu waliutawala mji huu tangu karne ya 8 hadi mwaka 1147. Nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya wapita njia. Bibi mmoja alikuwa kwenye roshani yake anaanika foronya, na mimi nikasimama nikizitazama kama mjinga, kwa sababu neno foronya tumelitoa kwao. Na bendera. Na kasha, na mvinyo, na nanasi. Na gereza, ambalo kwao lilikuwa neno la kanisa! Na meza, ile ile anayojificha chini yake mwanangu.

Nikafika kwenye ngazi ndefu nikakuta wazazi wawili, abiria wa meli yetu, wamebeba kigari cha mtoto, mmoja mbele mmoja nyuma, mtoto yumo ndani kama sultani. Jasho linawatiririka. Mama akaniuliza, "Nesi, juu kuna ngazi nyingine?" Zilikuwepo. Nikawashauri wakiache kigari kwenye mkahawa mmoja hapo, nikamfunga mtoto mgongoni mwa babake kwa leso yangu, nikamwonyesha mama namna ya kukaza ili magoti ya mtoto yapande juu kidogo kuliko matako na uso usizibwe. Baba akacheka, akaanza kupanda. Leso nimerudishiwa jioni, imefuliwa. Na neno leso nalo ni la hapohapo Lisbon: kitambaa cha mkononi kwa Kireno ni lenço. Sisi tunasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vile kabla havijakatwa, wakaviunga, ndipo ikapatikana leso. Leo imerudi kwao na mtoto ndani yake.

Saa tano kasoro nikatokea juu, uwanja unaoitwa Portas do Sol. Hapo unaona paa nyekundu zinashuka hadi mtoni, na meli yetu chini, nyeupe, kubwa kuliko mtaa mzima. Na hapo ndipo inapopita tramu namba 28.

Kwa msioijua tramu: ni kama behewa moja la treni linalokwenda kwa umeme katikati ya barabara, pamoja na magari na watu. Lisbon walianza na za kukokotwa na farasi mwaka 1873, za umeme zikaja mwaka 1901. Hizi ndogo za njano unazoziona kwenye picha zilitengenezwa miaka ya 1930, zikafanyiwa ukarabati miaka ya 1990. Viti vya mbao, madirisha ya kushusha, kengele inayopigwa na dereva kwa mguu. Zimebaki fupi hivyo kwa sababu ya kona na vilima vya huko juu, behewa refu haliwezi kugeuka. Ukuta na dirisha vinakaribiana kiasi kwamba wewe mwenyewe unarudisha kiwiko ndani.

Niliingoja. Ya kwanza ikaja imejaa, ya pili imejaa hadi mlangoni. Namba 28 ndiyo tramu inayotakwa na kila mgeni. Ukija na watoto, panda asubuhi mapema tena pale inapoanzia, Martim Moniz, mpate kukaa. Na mkoba uvae mbele, kifuani. Wezi wa mifukoni wanaipenda tramu hiyo kuliko watalii.

Saa tano kamili, wakati naingoja ya tatu, nikapiga simu ya video. Mombasa ni saa saba mchana, ametoka chekechea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo uko wapi? Naona jua."

"Ureno, mama. Bwana Mdogo yuko?"

Mamangu akageuza simu. Nikaona miguu miwili midogo chini ya meza.

"Sipo," ikasema miguu.

Nikanyamaza. Sikuwa na la kusema, na machozi yalikuwa karibu, na pembeni yangu watalii wanapiga picha. Hapo kengele ikalia nyuma yangu, tramu inapanda kwa mlio wake wa chuma.

"Nyanya, nini hiyo?"

Sikufikiri. Niligeuza kamera, nikaielekeza kwenye tramu. Ikatokea kwenye kona, njano, inayumba, imepita karibu na ukuta kama inaupangusa.

"Nyanya! Treni imeingia nyumbani kwa watu!"

"Inaitwa tramu," nikasema. Hakunijibu. Ila miguu ikatoka chini ya meza, kikafuata kichwa, kikakaa mapajani mwa nyanyake.

Mamangu akaanza zake: "Hata Mombasa zamani zilikuwepo reli za mjini. Babu yangu alikuwa akisimulia, vigari vya juu ya reli, vikisukumwa na watu kwa mikono."

"Nyanya, inaondoka. Mwambie aifuate."

Mwambie. Siyo "mama ifuate." Mwambie. Haya, nikaambiwa, nikaifuata.

Mpango wangu ulikuwa kupanda ile tramu nikae kama mstaarabu. Badala yake nikashuka kilima chote kwa miguu, simu nimeinyoosha mbele, nakimbizana na behewa juu ya vile vijiwe vya kuteleza. Ikisimama kituoni ninaipata. Ikiondoka Bwana Mdogo anapiga kelele. Tukapita kanisa la Santa Luzia, ukutani kuna picha za vigae vya buluu, mojawapo inaonyesha uwanja wa mtoni ulivyokuwa kabla ya tetemeko la mwaka 1755. "Nyanya, mwambie siyo ukuta, tramu!" Sawa. Tukapita Sé, kanisa kuu lenye minara miwili kama ngome, tramu inapinda mbele yake. "Nyanya, dereva anakaa wapi?" Nikaenda nikamwonyesha dereva. "Usukani wake uko wapi?" Hana usukani, reli ndiyo inayomwongoza, ana mkono wa chuma wa kuongeza na kupunguza mwendo. Akakaa kimya akilitafakari hilo.

Mara moja tu niligeuza kamera anione jasho linavyonitoka. Akasema, "Nyanya, picha imeharibika."

Dakika ishirini na mbili. Hakuniita mama hata mara moja, uso wangu hakuutaka. Lakini tulikuwa pamoja, mimi na yeye, tunashuka kilima. Mtandao ukakatika tulipofika chini, nikajikuta nimesimama katikati ya Baixa peke yangu, nimelowa, nacheka.

Baixa ni sehemu ya tambarare katikati ya mji. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko la ardhi liliibomoa, bahari ikaja juu, kisha moto. Waliijenga upya kwa mitaa iliyonyooka, ndiyo maana ukishuka kutoka Alfama unahisi umebadilisha mji. Kwa wenye kigari cha mtoto hapa ndipo mahali penu: hakuna vilima, na uwanja wa Praça do Comércio uko wazi hadi mtoni, mtoto akimbie mpaka achoke.

Kutoka hapo nikapanda tramu namba 15 kwenda Belém. Hii ni ya kisasa, ndefu, imeunganishwa mabehewa, ina nafasi. Inafuata mto kuelekea baharini. Nilitumia kadi ya karatasi ya kujaza pesa, tiketi ya saa 24, ili nisihesabu kila nikipanda. Kumbukeni kila mtu mzima awe na kadi yake, mkiwa wawili mkiwa na kadi moja mtabishana na mashine.

Nilitaka kwenda Belém kwa sababu moja tu. Kutoka ufuko ule, tarehe 8 Julai 1497, Vasco da Gama aliondoka na meli zake. Mwezi Aprili 1498 alifika Mombasa, kisha Malindi. Sisi tuliosoma shule za pwani tumezaliwa na jina lile masikioni. Kaburi lake liko ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos, lililoanzwa kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa utajiri wa biashara ya viungo. Foleni ya kuingia ilikuwa ndefu kuliko muda wangu. Nikaenda kwenye ule mnara wa mabaharia, wa mwaka 1960. Mbele yake, chini sakafuni, kuna ramani kubwa ya dunia ya mawe ya rangi. Watoto walikuwa wanaruka kutoka bara hadi bara. Nikaitafuta pwani yetu, nikasimama juu yake na raba zangu.

Nitawaambia kweli yaliyopita moyoni. Kwanza, hasira. Mwaka 1505 Wareno waliipora na kuichoma Mombasa, na Kilwa pia ikavamiwa mwaka huohuo. Fort Jesus tunayowapeleka watoto wetu kutembea waliianza mwaka 1593 ili watukalie. Hayo siyo ya kusahau kwa sababu mji wao una vilima vya kupendeza.

Halafu, kama nesi, nikafikiria kiseyeye. Wale mabaharia walipofika kwetu walikuwa wamevimba fizi na miguu, damu inawatoka midomoni. Ni kwa sababu ya kukaa miezi bila tunda wala mboga, mwili unaishiwa vitamini C. Mombasa waliletewa machungwa, na wagonjwa wakapata nafuu wakiwa hapo. Ilichukua hadi mwaka 1747 ndipo daktari wa meli wa Kiskoti, James Lind, akawapa baadhi ya wagonjwa machungwa na malimau na wengine vitu vingine, akaona nani anapona. Jamani, mtoto akipata kipande cha pera, embe au papai kila siku, hilo limekwisha, huhitaji kumnunulia vidonge vya rangi. Pera moja lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Halafu, nikiwa nimekaa kivulini namenya chungwa langu la pili, nikawafikiria walioachwa kwenye ule ufuko. Safari ile ilichukua miaka miwili. Zaidi ya nusu ya waliokwenda hawakurudi. Mama zao walikaa miaka miwili bila neno, hata la "mwambie sipo". Mimi neno hilo nimelipata, kwa sauti yake mwenyewe, na nimelilia. Chungwa likawa chungu kidogo, nikalimaliza hivyohivyo.

Nilinunua zile keki zao ndogo za mayai na maziwa, za moto, juu unanyunyiza mdalasini. Nikala mbili. Msinihukumu.

Saa nane kasoro dakika ishirini nikapanda namba 15 kurudi. Muda ulikuwa wa kutosha. Nusu saa hadi mjini, nusu saa kwa miguu hadi melini. Tukaenda vizuri hadi karibu na lile daraja jekundu, mtaa wa Alcântara, tramu ikasimama. Dakika mbili. Dakika tano. Nikachungulia mbele: mtu ameegesha gari dogo jeupe, tairi zake mbili ziko juu ya reli, mwenyewe hayupo. Tramu haina usukani, haiwezi kulikwepa. Na nyuma yetu nyingine imekuja, imesimama.

Meli haimngoji mtu. Abiria akichelewa anakodi ndege aifuate bandari inayofuata. Nesi wa zamu akichelewa anaweza kukodi ndege ya kwenda kwao moja kwa moja. Moyo ukaanza kunidunda.

Na katikati ya hofu ile, sijui kwa nini, nikafungua simu nikatuma ujumbe wa sauti: "Bwana Mdogo, tramu ya mama imegoma. Kuna gari dogo limekaa juu ya reli yake. Dereva anaangalia tu, hajui afanye nini." Nikaurekodi na kelele za watu wanaolalamika. Sikuuliza umekula nini. Sikusema nakupenda sana mwanangu mbona huniongeleshi. Nilimpa habari, basi.

Dakika moja baadaye simu ikatetemeka. Ujumbe wa sauti, sekunde nne. Nikauweka sikioni.

"Mama, mwambie apige kengele!"

Nikaurudia. Nikaurudia tena. Mama mmoja wa Kireno aliyekuwa kiti cha mbele akanipa karatasi ya kufutia uso bila kuniuliza.

Na dereva, wallahi, akapiga kengele. Mfululizo, kama anagombana. Nikaurekodi ule mlio nikautuma. Mwenye gari hakutokea. Yule mama akaniona natazama saa, akanyoosha kidole upande wa mto: kituo cha treni. Nikashuka mbio, nikanunua tiketi, treni ikanifikisha Cais do Sodré, na kutoka hapo nikatembea kando ya mto kwa mwendo wa nesi anayeitwa chumba cha dharura. Saa tisa kasoro dakika nne niko getini na kitambulisho mkononi. Kwa hiyo la kuwaambia wasafiri ni hili: siku ya meli, jueni njia mbili za kurudi, na mpange kufika angalau saa nzima kabla. Reli moja ikizibwa, uwe unajua nyingine iko wapi.

Haya sasa, yale niliyowaahidi. Ni kwa mama walio Ghuba, walio Nairobi na watoto wako shamba, wanaolala zamu za usiku, wote.

1. Muage mtoto. Usitoroke akiwa amelala. Atalia ukimuaga, ndiyo, lakini ukitoroka atajifunza kuogopa kulala.

2. Usimlazimishe kuja kwenye simu, na mlezi asimvute. Mwache asikie sauti yako ikiongea na nyanyake, hiyo nayo ni simu.

3. Punguza maswali. "Umekula? Umeoga? Umenikumbuka?" ni mahojiano, hata mimi ningeingia chini ya meza. Mwonyeshe kitu. Geuza kamera. Mpe kazi: akuchagulie njia, ahesabu mabasi mekundu.

4. Simu fupi, saa ileile, kila inapowezekana. Usiahidi tarehe ya kurudi usiyo na hakika nayo.

5. Mpe muda anaoweza kuushika. Mamangu ameweka punje za mahindi kwenye chupa, kila Ijumaa Bwana Mdogo anatoa moja anawapa kuku. Zikiisha, mama anarudi.

6. Mlezi asimtishe: "Ukifanya utundu mamako hatarudi." Hilo neno mtoto analiamini. Kaa na mlezi umwambie kwa heshima, hata kama ni mamako mzazi.

7. Kugoma simu ni kawaida. Lakini mtoto akiacha kucheza, akikosa hamu ya kula au usingizi kwa zaidi ya wiki mbili, akirudi kukojoa kitandani hali alikuwa ameacha, au akipoteza maneno aliyokuwa nayo, apelekwe kituo cha afya aangaliwe. Huenda ni upweke, huenda ni ugonjwa, huenda kuna mtu anamtendea vibaya. Usibahatishe.

Msidhani tangu siku hiyo mambo yamekuwa shwari. Alhamisi iliyofuata tulikuwa Cádiz, Hispania, nikapiga, nikaambiwa tena hayupo. Mji ule hauna tramu za kupanda vilima. Nikazunguka zunguka, nikamwonyesha njiwa uwanjani. Njiwa hawakumtosha. Jumamosi nikamwonyesha chumba cha mashine za kufulia za meli, zile kubwa zinazomeza mashuka mia, tukakaa dakika kumi tukizitazama zikizunguka, yeye na mimi na nyanyake. Akauliza kama mtu anaweza kuingia ndani. Aliniuliza mimi.

Nilipoanza kuandika sehemu hii punje zilikuwa sita kwenye chupa. Jana ilikuwa Ijumaa.

Sehemu ya 7 nitawajibu wale wa maswali ya kunyonyesha ukiwa safarini na namna ya kuhifadhi maziwa. Aliye mbali na mwanawe aniandikie hapo chini ni kitu gani kilimtoa mtoto chini ya meza. Nasoma yote, hata yale ya ukali.

Nesi wenu wa baharini.